Mgonjwa wa Akili ni Amana

Mmoja katika ndugu zetu wanaohudhuria darasa letu la usiku alitujia na swali, na kwa kuwa swali lake si la kwake peke yake, tumeona ni vyema tulijibu hapa mbele ya wasomaji wetu wote.

Alitueleza ya kuwa ana ndugu yake, mtu mzima aliyepita miaka hamsini, aliyeharibikiwa na akili tangu ujana wake, naye amekaa miaka mingi katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Safari hii alipokwenda kumtazama alimkuta amekonda, tumbo limejaa, na macho yamegeuka rangi ya manjano. Alipopimwa damu ikaonekana ana homa ya ini aina ya B, na ya kwamba ini lake limekwisha kuharibika. Ndugu yetu akamwuliza mhudumu mmoja, "Maradhi haya ameyapata wapi, naye miaka kumi na minane hakutoka nje ya ua huu?" Akajibiwa, "Mzee, mahali kama hapa hayaepukiki. Angeyapata tu." Aliporudi nyumbani, jamaa zake nao wakamwambia ni kadari ya Mungu, ayawache maneno hayo.

Basi akatuuliza: Je, yuko mwenye kubeba lawama? Au mwendawazimu akiugua ndani ya kifungo chake, ndiyo yamekwisha?

Kabla ya kujibu yatupasa tuyajue maradhi yenyewe, kwani mwenye kutoa hukumu juu ya jambo asilolijua hupotea na kupoteza wengine.

Homa ya ini ni jina la maradhi kadhaa yanayoletwa na virusi mbalimbali, vilivyopewa majina ya herufi A, B, C, D na E. Virusi vya A na E hupita zaidi kwa maji na chakula kilichoingiwa na uchafu wa choo. Virusi vya B na C hupita kwa damu. Na vya B hupita pia kwa kuingiliana mwanamume na mwanamke, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Virusi vya B ni vigumu kufa: damu iliyokauka juu ya wembe yaweza kuambukiza hata baada ya siku saba. Na lililo baya zaidi ni kuwa mtu aweza kukaa navyo miaka ishirini au thalathini pasina maumivu, huku ini lake likiliwa kidogo kidogo, mpaka likawa gumu lenye makovu, au likaingiwa na saratani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na aina ya B, na milioni 50 wakiishi na aina ya C, na ya kuwa watu milioni 1.3 walikufa mwaka huo kwa maradhi haya.

Sasa na tuitazame wodi ya watu wanaokaa miaka mingi, pale isipotunzwa. Vitanda vimesongamana. Choo kimoja hutumiwa na watu wengi, na wamo kati yao wasioweza kujisafisha. Siku ya kunyolewa, wembe mmoja hupita vichwa kumi. Miswaki huchanganyika. Huyu humwuma yule, na wakipigana damu hutoka. Wako pia wanaoingiliwa usiku kwa nguvu wasiweze kusema, na wakisema wasisadikiwe. Na zamani, kabla ya kuja sindano za kutumiwa mara moja na kutupwa, sindano moja ilipita mikono mingi. Ndiyo maana uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali umeonyesha ya kuwa watu wenye maradhi makali ya akili huwa na virusi vya B na C zaidi kuliko watu wengine wa nchi zao.

Tena mgonjwa huyu ana msiba wa pili. Mtu mwenye akili timamu akiumwa na ubavu husema, na husikizwa. Mwendawazimu akisema tumbo lake lawaka moto, husemwa ni wazimu wake. Na macho yake yakigeuka manjano, yamkini ikadhaniwa ni dawa anazokunywa, kwani ni kweli ziko dawa za akili, kama klorpromazini iliyoanza kutumika mwaka 1952, ambazo mara nyingine huleta umanjano. Basi maradhi hujificha nyuma ya wazimu, na tena hujificha nyuma ya dawa ya wazimu.

Yatupasa tuseme haki hapa. Hatuwezi kukata shauri ya kuwa ndugu wa mwenzetu aliyapata maradhi yake hospitalini. Katika nchi zetu wengi wenye homa ya ini ya B waliipata utotoni, wasijue. Mtoto mchanga akiingiwa na virusi hivi, katika kila kumi yapata tisa hubaki navyo maisha. Mtu mzima akiingiwa, walio wengi mno mwili wao huvitoa wenyewe. Basi yamkini mtu huyu aliingia mlangoni navyo. Lakini jawabu hilo halimwondolei mtu lawama, laihamisha tu. Ikiwa aliyapata mle ndani, aliambukizwa akiwa mikononi mwa watu. Na ikiwa aliingia nayo, alikaa miaka kumi na minane mikononi mwa watu asipimwe hata siku moja, akanyolewa kwa wembe ule ule walionyolewa wenzake. Katika hali zote mbili, neno "angeyapata tu" si udhuru.

Neno hili lina tarehe yake, wala halikuanzia kwa mhudumu yule maskini. Liliwahi kusemwa na wataalamu wakubwa, likaandikwa katika majarida ya elimu, na watoto wengi wakanyweshwa maradhi kwa sababu yake. Twaisimulia khabari hiyo hapa kwa kuwa ndani yake mna jawabu la ndugu yetu.

Katika mji wa New York, katika kisiwa cha Staten Island, palikuwa na makazi ya serikali yaliyoitwa Willowbrook, yaliyofunguliwa mwaka 1947. Haikuwa hospitali ya wendawazimu hasa, bali yalikuwa makazi ya watoto na watu waliozaliwa na udhaifu wa akili. Lakini katika suala letu hapana tofauti, maana walikaa humo miaka na miaka, mlango ukiwa mikononi mwa wengine. Makazi yalijengwa kwa watu yapata 4,000. Ilipofika katikati ya miaka ya 1960 walikuwamo yapata 6,000. Homa ya ini ilienea humo hata mtoto mgeni, kwa kawaida, hakumaliza mwaka asiambukizwe.

Mwaka 1956 daktari mmoja bingwa, Saul Krugman, alianza na wenzake uchunguzi wa maradhi hayo humo. Watoto wapya walitengwa katika wodi safi yenye wauguzi wa kutosha, kisha baadhi yao wakalishwa kwa makusudi virusi vilivyotolewa katika kinyesi cha watoto waliokwisha kuugua. Na baadaye wengine wakadungwa sindano zenye virusi. Kazi hiyo iliendelea mpaka mwanzo wa miaka ya 1970.

Hatupendi kumdhulumu mtu, hata aliyekosea. Daktari yule hakuficha alilolifanya, na elimu aliyoipata ilikuwa kubwa. Mwaka 1967 yeye na wenzake walibainisha ya kuwa homa ya ini ya makazi yale ilikuwa aina mbili mbalimbali, ambazo leo twaziita A na B. Mwaka 1971 wakaonyesha ya kuwa damu yenye virusi vya B ikichemshwa hupoteza uwezo wa kuambukiza, lakini huweza kumpa mtu kinga. Hiyo ilikuwa hatua mojawapo katika njia ya chanjo, ambayo iliidhinishwa Marekani mwaka 1981. Na hoja walizozitoa kujitetea zilikuwa tatu: kwanza, watoto hawa wangeambukizwa tu, pili, wazazi wao walitia saini, tatu, manufaa yake ni ya ulimwengu mzima. Na tuzipime moja moja, kwani hoja hizi hazikufa. Bado zasemwa kila mahali palipo na dhaifu na mwenye nguvu.

Ama hoja ya kwanza, twauliza: ni nani aliyewaweka watoto mahali ambapo lazima waambukizwe? Serikali ile ile iliyowafungia ndiyo iliyowasonga, ikawanyima vyoo, watumishi na usafi. Kisha hali hiyo mbaya ikageuzwa kuwa hoja ya kuwafanyia baya jingine. Mfano wake ni nahodha aliyepakia jahazi kupita kiasi, lilipoanza kuzama akamsukuma abiria mmoja majini, akasema, "Huyu angezama tu." Kadhi gani atakayeukubali udhuru huo? Kupakia kupita kiasi ndiyo kosa lake la kwanza, na kosa la kwanza halihalalishi la pili. Isitoshe, tangu miaka ya 1940 ilijulikana ya kuwa gamaglobulini, dawa itokanayo na damu ya watu wenye kinga, yaweza kumhifadhi mtu na homa ya ini kwa muda. Basi si kweli ya kuwa hapakuwa na njia ila mbili, kuambukizwa kwa ajali au kuambukizwa kwa makusudi. Palikuwa na njia ya tatu, nayo ni kuwakinga.

Ama hoja ya pili, ya saini za wazazi, hapa yatupasa tutulie, kwa kuwa yatuhusu sisi sote tulio mawalii wa wagonjwa wetu. Sheria yetu imemwondolea mwendawazimu na mtoto taklifu, na imemwekea kila mmoja walii wa kumsimamia. Lakini uwalii si umiliki. Wanafunzi wa fikihi wajua ya kuwa walii hana ruhusa kuitoa sadaka mali ya yatima, wala kuikopesha ovyo, wala kuiuza ila kwa maslaha ya yatima mwenyewe; akikiuka, hulipa. Ikiwa hana ruhusa kumtolea shamba lake, atakuwaje na ruhusa kumtolea ini lake? Idhini ya walii hufaa pale inapomletea dhaifu kheri: apasuliwe jipu, apewe dawa, achanjwe. Haifai kumwingiza katika madhara kwa faida ya wengine.

Na hata hiyo saini yenyewe, na tuitazame ilipatikanaje. Mwishoni mwa mwaka 1964 makazi yalijaa, wazazi wakaambiwa hapana nafasi tena. Baadaye wakaandikiwa ya kuwa nafasi chache zipo, lakini katika wodi ya uchunguzi wa homa ya ini. Sasa fikiri, ewe msomaji, hali ya mama mwenye mtoto asiyejiweza, amechoka, amekataliwa kila mlango, kisha afunguliwe mlango mmoja tu. Je, huyo ameridhia au amelazimika? Aliyezama akishika upanga, husemi ameuchagua upanga.

Ama hoja ya tatu, ya manufaa, hatuikanushi. Chanjo ni neema kubwa na kuitumia ni halali. Lakini wingi wa wanaonufaika haumfanyi mtu mmoja kuwa mali yao. Lau jambo lile lilikuwa jepesi kama walivyosema, wangeanza na watu wazima wenye akili waliokuwa wakifanya kazi mle mle, ambao waweza kukubali na waweza kukataa. Walichaguliwa wasioweza kusema "la". Na kila kazi inayohitaji mtu asiyeweza kusema "la" yatupasa tuitilie shaka.

Hayo hayakupita pasina wenye kuyakataa. Mwaka 1966 tabibu mwenzao, Henry Beecher, aliyataja katika makala yake mashuhuri kuwa miongoni mwa mifano ishirini na miwili ya uchunguzi uliovuka mipaka. Mwaka 1972 waandishi wa khabari waliingia Willowbrook na picha zao zikawatia watu haya. Mwaka 1975 serikali ikakubali mbele ya mahakama kuwapunguza watu na kuitengeneza hali yao. Na mwaka 1987 makazi yakafungwa kabisa. Lakini liko jambo moja dogo lililotuhuzunisha kuliko yote. Watoto walipotolewa na kupelekwa katika shule za mji, baadhi yao walionekana bado wana virusi vya B, na wakubwa wa shule wakataka kuwatenga na wenzao. Mahakama ya rufaa ililikataa jambo hilo mwaka 1979. Tazama basi: waliingizwa mahali penye maradhi pasina hiari yao, kisha maradhi yale yale yakataka kufanywa sababu ya kuwafungia mlango mara ya pili.

Kwa hivyo hukumu tunayoiona ni hii. Mgonjwa wa akili aliyefungiwa ni amana. Na katika sheria, mwenye kuwekeshwa amana halipi ikipotea kwa jambo lisilozuilika; lakini akizembea, akauwacha mlango wazi na funguo anazo, basi hulipa. Zamani, maradhi haya yalipokuwa hayajulikani, hospitali ingeweza kusema ni jambo lisilozuilika. Leo haiwezi. Kipimo cha damu kipo. Chanjo ya B ipo, sindano tatu katika muda wa miezi sita. Aina ya C hupona kwa vidonge vya miezi mitatu au hata pungufu, na katika kila mia hupona zaidi ya tisini na tano. Aina ya B, ijapokuwa haijapata dawa ya kuing'oa, ina vidonge vya kila siku vya kuizuia isile ini. Yote yaliyokuwa ajali sasa yamekuwa uzembe, na elimu ndiyo iliyobadili hukumu.

Wala asituambie mtu ya kuwa kulaumu uzembe ni kupingana na kadari. Sisi twaamini kadari, kheri yake na shari yake. Lakini mwizi hasamehewi kwa kusema wizi wake uliandikwa, wala mchungaji aliyelala hasemi mbuzi ameliwa kwa kadari akaachiliwa. Kadari ni faraja ya aliyepatwa na msiba baada ya kutimiza wajibu wake. Haikuwekwa iwe mto wa kulalia mwenye kuuwacha wajibu.

Kisha na tujitazame sisi wenyewe, maana ni wepesi mno kuwahukumu matabibu wa New York na wahudumu wa hospitali. Mtu akiharibikiwa na akili katika mitaa yetu, wengi hawampeleki hospitali kwanza. Humpeleka kwa waganga wa kupunga pepo, akachanjwa chale kwa wembe uliochanjia wengine jana. Wako wanaofungwa minyororo miezi na miezi katika nyumba za waganga hao. Yamkini virusi viliingia hapo, kwa mkono wetu na kwa fedha zetu. Na yakishindikana humpeleka hospitali, tukamwacha mlangoni, tukamtoa katika hesabu ya ukoo. Sikukuu huja na kupita hapana amwendeaye. Mgonjwa asiye na wa kumwulizia ndiye anayenyolewa kwa wembe wa kumi. Wahudumu ni watu. Humtunza zaidi yule wanayejua ya kuwa kesho ndugu zake watakuja kumtazama.

Na si kweli ya kuwa mambo haya ni mageni kwetu. Sultani Qalawun alipojenga hospitali yake mjini Kairo mwaka 1284 alitenga humo mahali pa wagonjwa wa akili, na akaiwekea wakfu wa kuiendesha. Basi wenye mali miongoni mwetu wanaotafuta la kuwekea wakfu, baada ya misikiti kuwa mingi, na wajue ya kuwa wodi yenye maji, miswaki na nyembe za kutosha ni wakfu pia.

Yaliyo wajibu kwa kila mwenye mgonjwa wake si mengi. Mwulize tabibu kama amepimwa homa ya ini. Ikiwa hakupimwa, taka apimwe. Akionekana hana, taka achanjwe. Kenya imekuwa ikiwachanja watoto wachanga aina ya B tangu mwaka 2001, lakini waliozaliwa kabla yake, nao ndio wengi wa hawa wazee wa wodini, chanjo hiyo haikuwafikia utotoni. Akionekana anavyo, taka atibiwe, wala usimkimbie: virusi vya B havipiti kwa kupeana mikono wala kwa kula sahani moja. Mpelekee wembe wake na mswaki wake, vyenye jina lake. Na wahudumu nao wachanjwe, maana wao na wagonjwa wamo katika jahazi moja. Kisha akiwa na kitu cha kusema, msikize. Yamkini katika maneno mia ya wazimu limo moja la kweli, na hilo moja ndilo ini lake.

Na kwa ndugu yetu aliyetuuliza, jawabu letu ni hili: ndiyo, lawama ipo, na imegawanyika. Iko juu ya mwenye funguo ambaye hakupima, na iko juu ya jamaa ambao hawakuuliza, na wewe u miongoni mwao, nasi tuliokufundisha miaka yote hii tusikukumbushe tu pamoja nawe. Ndugu yako bado yu hai. Rudi kwake kesho. Kisha, ukiwa umeketi naye, mtazame na aliye kitanda cha pili, maana huyo nduguye bado hajaja.

Wabillahi taufiki.